Tusiwakimbize watu moto na kuwalaza kwenye mazuku

Mhariri,

Kila volkano ya Nyiragongo inapoandikwa gazetini, picha ni ile ile: kilele chekundu usiku. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunajua kwamba moto hautufikii kwa kufurika kutoka juu. Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa la lava likamwagika lote katika muda usiofika saa moja. Januari 2002 nyufa zilishuka hadi Munigi, mlangoni mwa mji. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Jioni ya 22 Mei 2021 ni ubavuni tena, na safari hiyo lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji.

Linalonisukuma kuandika ni yale yaliyofuata. Mei 27 mitaa 10 iliamriwa ihame, kwa hofu kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka ardhini, imepenya chini ya mji na Ziwa Kivu. Amri hiyo siilaumu, maana ardhi ilikuwa ikitetemeka usiku na mchana. Lakini watu wengi sana walielekea Sake. Familia zililala njiani, makanisani, shuleni, nyingine juu ya makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda. Na ukanda huo wa magharibi, kandokando ya ziwa kati ya Goma na Sake, ndio wenye mazuku mengi.

Wasomaji wa mbali huenda hawalijui neno hili, ingawa wanajiolojia wamelichukua kwetu na kulitumia jinsi lilivyo. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, basi hutuama mabondeni na kwenye mashimo kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi anaanguka, au ambapo mtoto aliyelala hataamka. Sasa mfikirie mama aliyetembea kutwa nzima na mzigo kichwani, akaona kibonde kimejikinga na upepo, akatandika kanga hapo.

Tena Nyamulagira, jirani wa Nyiragongo, hulipuka mara nyingi zaidi. Lava iliyoanza kumwagika mwaka 1938 iliteremka hadi ziwani upande huo wa Sake. Barabara tunayoitegemea kukimbilia inaweza kukatwa.

Wataalamu wameshayachora mazuku mengi kwenye ramani. Naomba ramani hizo zitoke maofisini. Kila kibonde kinachojulikana kiwekewe kibao cha Kiswahili chenye alama ambayo hata asiyesoma ataielewa. Anayechagua mahali pa kupokea wahamishwa, au pa kujenga kambi, awaite kwanza wapima gesi, na wapime alfajiri, kwa sababu saa sita mchana, jua na upepo vikiwa vimeitawanya gesi, kibonde hicho hicho kitaonekana salama.

Mkazi wa Goma