Risala kwa Mgeni Rasmi: Mama Shirley Chisholm, Binti wa Mfanyakazi wa Ndani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu wa Viti Maalumu,
Mama Mwenyekiti,
Ndugu waalikwa na wanakikundi wenzangu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na baridi.

Tunakushukuru kwa kuchomoka kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa, ukavuka mto kuja huku Brooklyn kula pilau na sisi wabeba boksi. Wengi wetu tunalea watoto wa watu na kutunza wazee majumbani. Kikundi kilianza kwa mchezo wa kupeana pesa, leo tunauguzana na kuzikana. Mengine yamo kwenye kabrasha alilokupa katibu, hatutayarudia. Leo tunaomba kukusimulia habari za mbunge mwenzako.

Asubuhi tulikupeleka kwenye bustani yenye jina la Shirley Chisholm, ukingoni mwa ghuba ya Jamaica. Ulishangaa kusikia kwamba vilima vile vyenye nyasi ni takataka za jiji zilizofukiwa, na kwamba bustani ilifunguliwa mwaka 2019 juu ya jalala. Ukauliza, "Huyu mama ni nani hasa?" Upepo ulikuwa unakata masikio, tukakujibu kwa mkato. Jibu lenyewe ndilo hili.

Alizaliwa hapa Brooklyn tarehe 30 Novemba 1924. Baba yake alitoka Guyana, akawa kibarua wa kiwandani. Mama yake alitoka Barbados, fundi cherehani aliyefanya pia kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Kipato hakikutosha, watoto wakapelekwa Barbados kwa bibi. Shirley alikuwa bado mdogo sana, na hakurudi mpaka 1934. Humu ukumbini wapo wenye watoto waliobaki kwa bibi Tanga, Moshi na Kigoma, kwa hiyo hapo hatuongezi neno.

Alipokua alisomea malezi ya watoto wadogo, akafundisha chekechea, kisha akaongoza kituo cha kulelea watoto. Naam, Mheshimiwa: kabla ya siasa alikuwa anafuta makamasi, kama sisi.

Mwaka 1964 alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo la New York. Tunaposema jimbo huku hatumaanishi jimbo la uchaguzi kama la nyumbani. Huku jimbo ni kama nchi ndani ya nchi, lina gavana, bunge na sheria zake. Bunge hilo liko Albany, kilomita zipatazo 240 kutoka hapa. Hakuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia humo, Bessie Buchanan alimtangulia. Mipaka ya maeneo ya uchaguzi ikawa inachorwa upya, naye akalazimika kupiga kampeni mwaka 1964, 1965 na 1966. Wewe unaujua uchovu huo kuliko sisi.

Watu wengi wanamkumbuka kwa ya Washington. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa ya Albany. Siku hizo mpiga kura mpya alitakiwa kuthibitisha kwamba anajua kusoma Kiingereza. Yeye akapinga, akisema mtu anayejieleza vizuri zaidi kwa lugha yake si mjinga wa kusoma. Alipigania mpango wa kuwaingiza chuo kikuu vijana wa kimaskini, na mwalimu aliyekwenda kujifungua asipoteze haki zake kazini. Halafu akapitisha sheria iliyowaingiza wafanyakazi wa majumbani kwenye bima ya kukosa ajira. Mama yake alikuwa amefua na kupiga deki miaka yote ile bila kinga hiyo.

Mwaka 1968 alimshinda James Farmer, mtu mwenye jina kubwa katika harakati za haki za weusi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Katikati ya kampeni hiyo alifanyiwa upasuaji, akainuka kitandani kurudi mitaani. Walimpanga kamati ya kilimo, mbunge wa Brooklyn! Aligoma mpaka wakamhamishia ya maaskari wastaafu, akasema afadhali, kwake wako wengi kuliko miti.

Mwaka 1972 aligombea urais. Mpinzani wake mmoja, George Wallace, gavana wa Alabama aliyekuwa kinara wa ubaguzi, alipigwa risasi. Shirley akaenda kumjulia hali hospitali, na watu wake wakamjia juu. Hata sisi tulibishana sana tulipokuwa tunaandaa risala hii, na wawili bado hawajakubali. Lakini mwaka 1974, ulipokuja muswada wa kuwapa wafanyakazi wa ndani kima cha chini cha mshahara, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa kusini.

Sasa ya kwetu. Mwenzetu mmoja alilea pacha tangu wachanga hadi wakaanza kusema. Ijumaa moja jioni akapata ujumbe wa simu: Jumatatu usije. Kibarua kikaota nyasi hivyo hivyo. Mwajiri hatumtaji. Alilipwa taslimu miaka yote, hana hata kipande cha risiti, ila alikuwa na daftari. Kila jioni ndani ya treni aliandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na pesa aliyopewa. Kurasa nyingine zina madoa ya chai, moja ina michoro ya watoto. Aliambatanisha nakala zake na maombi ya bima ile ile, na akalipwa.

Mheshimiwa, ombi letu si fedha. Tumekununulia madaftari hamsini kama lile, kila moja limeshapigwa mistari: tarehe, kuingia, kutoka, malipo. Ukirudi Dodoma, tunaomba uwagawie madada wa kazi, ukianza na wa nyumbani kwako.

Naomba kuwasilisha.