Salumu asipande basi kwanza

Sinza, Dar es Salaam
Januari

Shoga yangu Mama Salumu,

Salamu nyingi, na wazee wote huko Tanga nawaamkia. Sisi wazima, ila joto la Januari linatuchosha. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti, kwamba Salumu kaanguka testi chuoni, kanyamaza, hela ya mkopo haijamfikia, na Shemeji anataka arudi nyumbani, nikaona simu haitatosha.

Salumu asirudi nyumbani kwanza. Nalitanguliza hili kwa sababu Shemeji keshakata shauri. Mwanafunzi akiondoka chuoni bila ruhusa, jina lake linabaki kwenye orodha ya mtihani na yeye hayupo. Hivyo ndivyo baadhi wanavyodisko, yaani wanavyoondolewa chuoni, wala si kwa kukosa akili. Kama kweli hawezi kuendelea, kuna kuahirisha masomo. Aandike barua kupitia kwa mkuu wa idara, aambatishe ripoti ya daktari, na aipeleke kabla ya mitihani kuanza. Akisubiri matokeo mabaya ndipo alete ripoti, itakuwa vigumu kumsikiliza. Asifungashe mpaka ajibiwe kwa maandishi, na nakala aipeleke kwa afisa mikopo wa chuo, la sivyo atasumbuka na Bodi ya Mikopo siku akirudi.

Lakini huenda hata hatujafika huko. Ile testi aliyopata 6 kati ya 20 isiwatie kiwewe. Vyuo vyetu vingi huhesabu kazi za muhula alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Basi hata testi hiyo ikihesabiwa 20 nzima, hapo kapoteza 14 kati ya 100, na hata akikwama mwishoni kuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Amwendee mwalimu wa somo saa za ofisi na karatasi yake mkononi, aulize alama zilipotea wapi.

Kinachonikosesha raha ni huo ukimya. Ukimpigia, usianze na alama. Muulize jana kala nini, kalala saa ngapi, anakaa na nani chumbani, halafu nyamaza umsikilize. Mtoto anayelala mchana kutwa, kaacha kula, hapokei simu hata za marafiki, huyo hahitaji mawaidha, anahitaji mtu wa kumwona. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo chuoni kwa ajili hiyo. Na kama amewahi kutamka kwamba kuishi hakuna maana, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

Boom nalo, yaani hela ya mkopo ya matumizi. Ada ya mkopo huenda moja kwa moja chuoni. Ya mkononi ni ile ya chakula na malazi, na mara nyingi inakwama kwa sababu mwanafunzi hajasaini au akaunti ina kasoro ya jina. Aende kwa afisa mikopo akaulize ni lipi kati ya hayo. Wakati huo mtumieni kidogokidogo kila wiki badala ya fungu moja, maana fungu moja huishia kulipa madeni ya chumbani. Na kama mkopo haufuniki ada yote, salio lilipweni mapema, kwani deni la ada humzuia mtu kuingia mtihani.

Shemeji anataka ahamie uhasibu. Mwambie, kwa heshima zote, dirisha la kuhama kozi ni fupi na huwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Tena uhasibu nao una mlima wake: akitaka CPA, cheti cha mhasibu kamili, lazima afanye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, kama vile wa sheria anavyopita Law School kabla ya kuwa wakili. Mtoto aliyechoka hivi haamuliwi kazi ya maisha kwa simu ya usiku. Alale kwanza, ale, halafu tumuulize yeye anataka nini. Naona hakuna aliyemuuliza.

Sasa nijibu: mitihani yao inaanza lini hasa? Kitambulisho cha bima ya afya anacho? Anayelala naye chumbani ni yule wa Muheza, na namba yake unayo? Mjomba wa Magomeni atakubali akae kwake wiki moja tu? Na Shemeji akimpigia, anaweza kweli kumaliza simu bila kutaja ada? Nikipata jibu la Mjomba leo, kesho nampitia Salumu na chakula.

Wako,
Mama Rehema