Nilihesabu kwa njiti za kiberiti

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu tangu gazeti hili linauzwa bei ya maandazi mawili, na sijapata kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipochapa msimamo wa ligi ambao jumla ya mabao ya kufunga haikulingana na ya kufungwa nilinyamaza, ingawa kwa mtu wa kazi yangu jambo lile lilininyima usingizi. Lakini habari yenu ya Jumatatu iliyopita, ile yenye picha ya watoto wa akademi ya soka wamebeba kikombe kinachokaribia kumzidi kipa wao urefu, imenishinda. Mmeandika kwamba akademi hiyo "imeiva". Imeiva nini, Mhariri? Mwandishi wenu kahesabu vikombe vitatu kabatini, kapewa soda baridi, kaondoka.

Klabu siitaji kwa sababu sina ugomvi na rangi ya jezi ya mtu. Ila pale napajua. Mjukuu wangu alikuwa mtoto wa akademi hiyo kwa miaka miwili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa daladala mbili, maana mama yake yuko kazini. Ada shilingi 40,000 kwa mwezi, mbali na jezi ya mazoezi iliyochuja rangi kwenye ndoo ya kwanza ya maji. Wakati wanafanya mazoezi nilikaa chini ya mwarobaini ulioko nyuma ya goli la kusini. Nimefanya kazi bandarini miaka 27, kuhesabu shehena: magunia, makontena, magari. Ugonjwa ule haukuisha nilipostaafu. Nikiona kitu kinapita mbele yangu, nahesabu.

Basi nikahesabu. Watoto 43, kocha mmoja, mipira mitano, mmoja wao unavuja na kila baada ya dakika kumi mtoto anatumwa kuujaza kwa pampu ya baiskeli. Nusu saa ya kwanza ni kukimbia kuzunguka uwanja. Baada ya hapo foleni: unasubiri zamu yako, unapiga shuti, unakimbilia mkia wa foleni. Siku moja nilinunua kiberiti, na kila mjukuu wangu alipogusa mpira nilihamisha njiti kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Saa moja na nusu, njiti 31. Jioni ile ile, nyumbani uani, kati ya pipa la maji na kamba ya kuanikia nguo, alipiga danadana 112 bila kuangusha. Bure.

Nilidhani labda ni uzee wangu, hadi niliposoma habari za Wabelgiji, ambao straika wetu Mbwana Samatta alikwenda kucheza kwao alipotoka TP Mazembe ya Kongo mwaka 2016. Walipoamua kuusuka upya mpira wao chini ya Michel Sablon, mkurugenzi wa ufundi wa shirikisho lao, walirekodi mechi za watoto zipatazo 1,500 na kuzitazama. Wakakuta mtoto wa chini ya miaka tisa anaweza kumaliza nusu saa amegusa mpira mara mbili tu. Hawakuandaa semina hotelini. Walipunguza uwanja na kupunguza watu, watano kwa watano, baadaye wanane kwa wanane, ili kila mtoto aupate mpira. Mwaka 2018 walishika nafasi ya tatu duniani. Sisi mtoto wa miaka 12 tunamweka kwenye uwanja wa wakubwa, kwenye goli ambalo kipa akiruka na ngazi hafiki mtambaa panya.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe, na mniwie radhi nikirefusha. Ilikuwa bonanza la chini ya miaka 13. Mjukuu wangu anavaa namba kumi, anatumia mguu wa kushoto, na ana umbo dogo. Baba yake naye alichelewa kurefuka, alishtukia kidato cha tatu. Dakika ya 14 alishuka karibu na boksi lake kumwomba kipa mpira, akaupata, akataka kugeuka nao. Ukamgonga kisigino. Straika wa upande wa pili akauokota, moja bila. Kocha akapiga kelele iliyosikika hadi kituo cha daladala: "Butua! Nimesema butua!" Akamtoa hapo hapo. Kumtoa ningevumilia, mpira ndivyo ulivyo, lakini alimwamuru aruke kichura kutoka kibendera cha kona moja hadi kingine, mbele ya wazazi, mbele ya watoto wa timu pinzani wanaocheka, mbele ya muuza karanga. Nilihesabu pia, Mhariri, siwezi kujizuia: aliruka mara 58, na kwenye ya 40 hivi mkono wake wa kulia ulikuwa unafuta machozi huku anaruka. Mtoto kaadhibiwa kwa kujaribu kitu ambacho ndicho tulichomlipia ada afundishwe! Na aliyeingia badala yake? Kijana mwenye sharubu. Siyo kivuli cha sharubu, sharubu. Alifunga mawili, wakashinda, wakapiga picha. Baada ya mechi nilimwona "mtoto" huyo wa chini ya miaka 13 akiondoka na bodaboda, na hakuwa abiria.

Nilimfuata kocha. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto kakosea akijaribu kucheza. Asipokosea hapa atakosea wapi?" Alinisalimia kwa heshima, shikamoo mzee, halafu akanijibu taratibu: "Mzee wangu, mimi hawanilipi nifundishe. Wananilipa nishinde. Nikifungwa bonanza mbili, wiki ijayo kuna mwingine hapa na filimbi." Sikuwa na jibu, maana hapo alisema kweli. Toka siku ile hasira yangu imemwondokea yeye, imewaendea viongozi wanaotaka kikombe cha kuonyesha wakati wa kukaguliwa leseni ya klabu, kwa kuwa CAF, shirikisho la soka Afrika, wanataka klabu iwe na timu za vijana, na imewafikia ninyi mnaochapa picha ya kikombe.

Habari ya vijeba, hao waliozidi umri wanaochezeshwa na watoto, sitaki kuirefusha, mnaijua. Fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17, Gambia mwaka 2005, tulienguliwa sisi wenyewe kwa sababu ya umri. Mwaka 2017 tukaenda Gabon baada ya Congo-Brazzaville kuenguliwa kwa sababu hiyo hiyo, tukashangilia kama vile hatukuwa na historia. Siku hizi kwenye mashindano makubwa kuna kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, na mfupa haukubali cheti cha kughushi. Ila kwenye bonanza hakuna MRI. Kuna mwenyekiti na kipaza sauti.

Aprili 14, 2019 nilikuwa Uwanja wa Taifa, fainali za vijana zilipokuwa kwetu. Serengeti Boys, vijana wetu wa taifa wa chini ya miaka 17, walifungwa na Nigeria 5-4, watu wakatoka wanapiga makofi, mimi nikatoka nimenyamaza. Zikafuata 3-0 za Uganda na 4-2 za Angola. Mabao 12 tumefungwa katika mechi tatu, nyumbani. Sita tumefunga. Kwa hiyo vipaji tunavyo, tena vya kutosha. Beki aliyelelewa kwa "butua" ndiye asiyejua la kufanya akibanwa na mpira ukiwa mguuni mwake, na huwezi kumfundisha hilo kambini kwa wiki tatu.

Halafu hiyo lugha ya kwamba akademi ni "uwekezaji". Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji akiuzwa nje mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa 12 hadi 15 ni asilimia 0.25, kuanzia 16 ni 0.5. Nimejumlisha mwenyewe, inatimia 5 kamili. Lakini utadai vipi kama huna kumbukumbu? Nilipomwondoa mjukuu niliomba karatasi inayoonyesha alisajiliwa lini na amekaa muda gani. Walinionyesha kauntabuku isiyo na jalada, majina bila tarehe, na kwenye ukurasa wa mjukuu wangu kuna hesabu ya deni la maji ya kunywa. Bandarini ukipokea hata gunia la kitunguu unaandika tarehe, meli na hali ya mzigo. Hapa ni mtoto wa mtu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la viwanja. Tulipokuwa wadogo mtoto alikuwa haendi akademi kuutafuta mpira. Mpira ulikuwa mlangoni. Kiwanja chetu cha mtaani, ambacho mimi nilivunjikia kidole gumba cha mguu, sasa ni maegesho ya malori, na kwenye goli la upande wa msikiti kuna mtu anaosha magari. Kila mwaka wa uchaguzi tunaahidiwa kitarudi. Malori yameongezeka, juzi yalikuwa 17. Mjukuu wangu sasa anacheza chandimu uchochoroni, na siku akikosa wenzake anapiga pasi na ukuta wa jirani. Ukuta ule kwa kweli ni kocha mzuri, haumfokei na kila pasi unamrudishia.

Ushauri wangu kwa viongozi wa klabu ni huu. Kikombe cha bonanza kiuzwe, mipira inunuliwe, kila mtoto na wake. Filimbi ya kocha ifungiwe kabatini dakika 40 za kwanza, pale kilipokuwa kikombe. Kocha alipwe kwa idadi ya watoto wanaoweza kupokea mpira wakiwa wamebanwa na kutoka nao, na msiponiamini kwamba hilo linahesabika, nitakuja kuhesabu mwenyewe bila malipo, nauli ninayo. Na ninyi gazetini, ukurasa ule wa vijana wekeni matokeo kwa herufi ndogo, chini yake muandike kila mtoto kagusa mpira mara ngapi.

Jumatano hii saa kumi alasiri nitakuwa pale pale chini ya mwarobaini, ingawa sina tena mtoto uwanjani. Mwandishi wenu akitaka kuja nitamwachia nafasi kwenye gogo. Aje na kiberiti chake.

Babu wa Namba Kumi,
Tandika, Dar es Salaam