Seva Haijazimwa Siku 412? Hiyo Si Sifa

Mzee mmoja mwenye duka la jumla la pembejeo pale Uyole alituonyesha seva yake kwa fahari. Imekaa kwenye kabati nyuma ya magunia ya mbolea, ina betri na sola yake, umeme ukatike usikatike haina habari. Nikaandika uptime, amri inayoonyesha mashine imewaka muda gani bila kuzimwa: siku 412. "Fundi aliyenifungia alikuwa anajua," akasema mzee. Kweli alikuwa anajua, maana hata apdeti alizipanga ziingie zenyewe kila usiku. Lakini nilipoandika uname -r, amri inayotaja toleo la kerneli, iliyokuwa inafanya kazi ni ileile ya siku ya kwanza. Mpya zote zimejaa kwenye diski, zinasubiri mashine iwashwe upya.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Yenyewe ndiyo inayoamua nani asome faili gani, nani aandike, nani asiguse. Ukimfungulia keshia akaunti ya kawaida asiweze kufuta mauzo, anayemzuia ni kerneli. Sasa ikiwa na tundu, programu chafu iliyoingia kwa akaunti ya keshia, mara nyingi kwa flashi ya nyimbo, inajipandisha cheo na kuwa msimamizi wa mashine nzima. Nenosiri lako wala haliulizi.

Chukua Dirty COW, tundu la Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi kama ya mzee, lililozibwa Oktoba 2016 baada ya kukaa humo tangu 2007. Fikiria karani wa SACCOS na leja yake. Wewe unaruhusiwa kuisoma tu. Ukitaka kuandika, anakutolea fotokopi, chafua hiyo. Sasa njooni wawili: mmoja anaandika, mwenzake anainyakua fotokopi na kuitupa, tena na tena, maelfu ya mara, haraka haraka. Inafika mahali karani anachanganyikiwa. Anakumbuka kwamba umeshashughulikiwa, anasahau kwamba fotokopi haipo tena, na kalamu yako inatua kwenye leja yenyewe. Simu za Android nazo ziliguswa, kwa kuwa ndani yake kuna kerneli ya Linux.

Mwaka 2022 likatangazwa jingine, Dirty Pipe, tena rahisi zaidi kulitumia. Max Kellermann aliyeligundua hakuwa analitafuta. Alikuwa anahangaika na malalamiko ya mteja kwamba faili za kumbukumbu alizopakua hazifunguki. Tangu niisome habari hiyo, mteja akiniambia "kuna kitu hakiko sawa, sijui nini", simcheki.

Wa Windows msijione mko salama. Kompyuta nyingi zina kitu kinaitwa Fast Startup: ukibonyeza Shut down, kerneli haizimwi, inahifadhiwa kwenye diski na asubuhi inaamshwa ilivyokuwa. Inayoanza upya kabisa ni Restart. Na wenye Windows 10, apdeti za kawaida za bure zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ile Windows ya kienyeji iliyozimwa apdeti makusudi ili isidai leseni, hiyo tusidanganyane: tunaifuta na kuweka halali, au hatuigusi.

Kichekesho ni kwamba jirani wa mzee, mwenye stesheneri isiyo na hata betri, alikuwa na kerneli mpya. Umeme ulikuwa umemkatikia Jumanne.

Kwa wateja wetu wa Mbeya mjini, Mbalizi na Uyole, tunakuja jioni mkishafunga hesabu. Kwanza tunatoa nakala ya data kwenye diski ya nje na kuijaribu kama inafunguka. Kisha tunaweka apdeti, tunawasha upya, tunaangalia kerneli iliyoamka ni ipi, na hatuondoki mpaka risiti moja ya majaribio itoke kwenye printa. Kama programu yenu ya mauzo iliandikwa na kijana ambaye huwa anakuja kuiwasha kwa mkono, tuambieni mapema na yeye awepo.