Risala kwa Mgeni wa Heshima: Kifungo Kimfunze Mtu Kazi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, maafisa wa magereza na wa probesheni, machifu, wazazi na wanagenzi, itifaki ikiwa imezingatiwa, hamjambo. Sisi wakufunzi wa ufundi tunaowafunza wafungwa na waliomaliza vifungo hapa Kisumu tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tungependa kulijibu mbele yako swali hili: gereza liadhibu au lirekebishe?

Mheshimiwa, mlango wa seli ukifungwa, adhabu ndiyo hiyo. Mtu amenyang'anywa uhuru, watoto na riziki. Katiba ya 2010, kifungu cha 51, inamwachia haki zake nyingine zote zinazowezekana kifungoni. Kinachobaki ni kuzitumia siku zile, na siku zenyewe ni chache kuliko zinavyoonekana. Aliyefungwa zaidi ya mwezi mmoja, akiwa na bidii na nidhamu, anaweza kupunguziwa theluthi ya kifungo, ingawa waliofungwa maisha hawamo. Basi miaka 3 huwa 2. Ukipanga mafunzo kwa miaka 3 kamili, mwanagenzi ataachiliwa kabla ya mtihani wa ufundi wa Gredi ya Tatu. Karakana ianze naye mapema.

Tuchukue useremala. Mguu wa kiti huunganishwa kwa ulimi, yaani ncha iliyochongwa, na tundu la kuupokea: ulimi uwe kama theluthi ya unene wa mbao, na tundu lichongwe kwa patasi kali yenye upana huohuo. Patasi butu hulazimisha nyundo nzito, na mguu hupasuka. Mbao mbichi nayo husinyaa ikikauka, kiti kikaanza kuyumba nyumbani kwa mteja. Haya hayajulikani kwa kutazama. Watu 10 wakigawana patasi moja, tisa wanatazama tu, hata kama daftari linasema wote wamefunzwa.

Langoni ndipo mengi huharibika. Waajiri huomba cheti cha polisi, na hukumu huonekana humo. Kwa hiyo wengi watalazimika kujiajiri. Fundi asiye na vifaa hajiajiri, na pesa chache za mkononi huishia kwenye nauli na madeni. Anayetoka gereza la Kodiaga akitafuta kibarua cha useremala katika soko la Kibuye anahitaji msumeno, randa, patasi tatu, nyundo, futi na mraba, pamoja na cheti chake cha mtihani.

Kwa vifungo vifupi, tunasema wazi: havifunzi lolote. Anayeshindwa kulipa faini ya shilingi 2,000 anaweza kukaa ndani hadi mwezi mmoja. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu mahakama kumpa kazi ya umma, naye akalala kwake.

Hatuwasahau walioumizwa. Mwenye kutisha watu kwa panga akae ndani, hilo hatulipingi. Lakini aliyeibiwa anataka pia mali yake, na Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inatambua fidia. Mtu asiye na kazi atailipa kwa pesa gani?

Mheshimiwa, tunaomba mambo matatu: patasi na mbao kavu za kutosha karakanani, sanduku la vifaa likabidhiwe siku ya kuachiliwa, na afisa wa probesheni pamoja na chifu wafike nyumbani miezi mitatu kabla, waulize atalala wapi na kama aliyekosewa ni jirani. La sanduku ndilo la haraka zaidi, kwa kuwa wanagenzi wetu wengine watatoka kabla ya mwaka kwisha.

Ahsante. Karibu jukwaani.