Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vifaa vya Kielektroniki Kwenye Darubini za Bunduki

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasalimu na kuwashukuru kwa mwaka mwingine wa ushirikiano. Shughuli za kawaida za chama zimekwenda vizuri. Uwanja wa shabaha umetunzwa, wanachama wapya wamepata mafunzo yao, na hesabu mtasomewa na mweka hazina. Nafasi yangu nitaitumia karibu yote kwa jambo lililofika mbele ya kamati mara nyingi kuliko jingine lolote: vifaa vya kielektroniki tunavyofunga kwenye darubini za bunduki za kuwindia, na jinsi vinavyotuangusha tukiwa porini.

Kamati haipingi vifaa hivi. Kipima umbali cha leza kimewazuia wengi wetu kumpiga mnyama aliye mbali kuliko walivyodhani, na kamera ya joto husaidia kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa usiku, ambaye vinginevyo angekwenda kufia vichakani. Tunachotaka kikubalike ni hiki: kifaa kikizima, kikiganda au kikitoa jibu la kutia shaka, mwindaji asipige, labda awe na alama ya kulengea iliyochorwa kwenye kioo chenyewe na umbali anaoujua kwa hakika bila msaada wa kifaa.

Malalamiko mengi mliyoleta yanaishia mahali pamoja, kwenye chumba cha betri. Kifaa kimoja kilikuwa kikijizima kila baada ya risasi ya kwanza, na mwenyewe alikwisha kuamini kwamba saketi ya ndani imekufa. Tulipofungua kifuniko tulikuta springi imelegea, na kwenye ncha ya betri pana doa dogo jeusi la kuungua. Kila bunduki ilipopiga teke, betri iliachana na springi kwa muda mfupi mno, umeme ukakatika, kifaa kikazima. Juu ya mpira mwembamba unaozuia maji palikuwa na punje ya mchanga, na pembeni mwa punje hiyo unyevu ulikwisha kujipatia njia. Mwenye kifaa alikuwa amekijaribu nyumbani mara nyingi, lakini mezani hakuna teke la bunduki.

Lipo pia suala la aina ya betri. Vifaa vingi hutumia CR123A, betri ya volti 3 isiyochajiwa. Kuna betri za kuchaji zenye umbo karibu lile lile, lakini zina volti 3.7 za kawaida na hufika 4.2 zikijaa. Zikipangwa mbili, kifaa kilichotegemea volti 6 kinapokea zaidi ya 8. Baadhi ya vifaa vimetengenezwa kustahimili hilo, vingine huungua. Tafadhali someni kijitabu kabla ya kubana matumizi kwenye betri. Kumbukeni vilevile kwamba betri ndogo za litiamu hushikilia volti zake karibu hadi mwisho kisha huanguka ghafla, kwa hiyo alama ya chaji kwenye skrini inaweza kuonyesha salama dakika chache kabla ya giza. Baridi kali huzidhoofisha zote. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na betri ya litiamu ya kuchaji isichajiwe ikiwa baridi chini ya nyuzi 0.

Kuhusu maji, wengi mmenunua vifaa vyenye alama ya IP67 mkidhani mmemaliza. Alama hiyo ina maana kwamba vumbi haliingii, na kwamba kifaa kipya, kikiwa kimefungwa sawasawa, kilistahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu teke la bunduki, wala kuhusu mpira uliokauka baada ya misimu kadhaa, wala kuhusu kizibo cha tundu la chaji kilichosahauliwa wazi. Hili nalitilia mkazo kwa sababu nimeona watu wakiwa na hasira ya haki, lakini wameielekeza pasipostahili.

Kipima umbali kina hatari ya namna nyingine, kwa sababu kikikosea hakizimi. Hutoa namba safi inayoaminika. Mwale wa leza hupanuka kadiri unavyokwenda: wenye mtawanyiko wa miliradiani 1.5 (miliradiani 1 ni pembe ndogo inayofunguka sentimita 10 kwa kila mita 100) unakuwa na upana wa sentimita 45 kwenye mita 300. Ukigonga majani yaliyo mbele ya mnyama au kichuguu kilicho nyuma yake, jibu linakuwa la majani au la kichuguu. Ukungu na mvua nazo hurudisha mwanga. Na kama kifungio kimesogea kwa miliradiani 1 tu, mwale unapiga sentimita 30 kando ya alama yenu kwenye umbali huo. Risasi nyingi za kuwindia zilizosawazishwa kwa mita 100, yaani darubini imerekebishwa ili zigonge panapolengwa kwenye umbali huo, zinakuwa zimeshuka makumi ya sentimita zikifika mita 300, kwa hiyo kosa la umbali ndilo linalogeuza pigo la moyo kuwa pigo la tumbo. Pimeni mara mbili au tatu, na namba zikitofautiana, acheni.

Kamera za joto zinazotangulia mbele ya darubini zinahitaji kusawazishwa upya kila zinapofungwa, hata kama muuzaji amesema hakuna haja. Picha ikihama kwa miliradiani 1, risasi inakwenda sentimita 10 pembeni kwenye mita 100. Hata hivyo, si kila kinacholalamikiwa ni ubovu. Picha kuganda kidogo pamoja na mlio wa "tik" ni kamera inajirekebisha. Kutoona kupitia kioo cha dirisha ni maumbile ya mwanga wa joto. Baada ya mvua ndefu vitu vyote hukaribiana joto na mnyama hufifia. Hayo yajulikane kabla ya kurudisha kifaa dukani.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni programu. Mwanachama mmoja alikubali toleo jipya usiku wa kuamkia safari. Mipangilio yake ya risasi ikafutika na kipimo kikahama kutoka mita kwenda yadi. Yadi 300 ni mita 274. Aligundua uwanjani, kwa sababu alikuwa na desturi ya kupiga risasi za majaribio kabla ya kuingia porini. Mtengenezaji tulimwandikia, akajibu kwamba maelezo yalikuwepo kwenye toleo hilo. Kamati haikuridhika na jibu hilo. Kifaa kinachoelekeza risasi hakina ruhusa ya kubadili vipimo bila kumuuliza mwenyewe, na tutaendelea kulisema hilo.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili mbele yenu. La kwanza, kila kifaa kitakachotumika katika uwindaji wa chama kipigiwe risasi uwanjani kikiwa kimefungwa kama kitakavyotumika, baada ya badiliko lolote la betri, kifungio au programu. La pili, kila hitilafu iandikwe kwenye fomu: aina ya betri, hali ya hewa, kifungio, toleo la programu, na hali ya bunduki wakati ule, ilikuwa imetoka kupiga au imetulia. Bila maelezo hayo tunabaki na manung'uniko ambayo hakuna mtengenezaji atakayeyasikiliza.

Wapo wajumbe waliotaka darubini za kidijitali zipigwe marufuku kabisa, kwa hoja kwamba skrini yake ikifa hakuna kioo cha kutazamia kinachobaki. Hoja ina uzito, lakini mimi naona kanuni ya kutopiga inatosha. Wao wataieleza wenyewe kabla ya kura, nasi tutawasikiliza. Fomu ziko kwa katibu, na kura itapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina.