Fukua shina kabla ya masika

Muheza, mwisho wa Februari

Mwanangu Zaina,

Marahaba. Picha nimezipata zote sita, nimezivuta kwa vidole mpaka macho yakaniuma. Shamba ni zuri. Umelinunua kwa jasho lako, tena kabla ya kaka zako, na wanawake wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana wamenisikia nikiringa wiki nzima. Ila habari ya kununua niliipata kwa shangazi yako. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya picha ya nne. Nilikupigia ukasema uko kazini, ukakata. Zaina, mbona umefukia mashina? Miche ya ndimu umeipandishia tuta kama viazi vitamu. Pale ilipobebeshwa hapaonekani kabisa.

Mndimu haufukiwi shingo. Lile kovu, kitawi cha ndimu kilipoungana na shina la mlimau, likae juu ya ardhi shubiri nzima. Mlimau wa chini ndio wenye kuvumilia udongo. Mndimu wenyewe ukikaa kwenye unyevu, gome linalainika, linatoa utomvu kama gundi, kisha linaoza kuzunguka shina. Majani yanageuka manjano, wewe unadhani mti una njaa, unaongeza samadi, mti unakufa huku unaulisha. Mvua za masika hizo zinakuja Machi, na huko Mkuranga, pale bondeni penye mfinyanzi, maji yatatuama.

Basi nenda Jumamosi hii. Fukua kwa vidole, jembe liache nyumbani, maana gome la mche ni laini na jeraha moja linatosha kuingiza uozo. Kwangua taratibu mpaka uone gome linabadilika rangi na shina limejikunja kidogo. Hapo ndipo. Teremsha udongo mpaka chini yake, halafu usawazishe ili maji yakimbie shina. Mche ukikuta ulipandwa chini sana, ng'oa na bonge lake la udongo uupande upya, usionee huruma. Nyasi za kutandaza ni nzuri, lakini ziache nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Samadi uliyoweka, imeoza sawasawa? Kwenye picha naiona bado ina majani mabichi. Hiyo inaunguza mizizi. Na umbali uliopima umenifurahisha, mita 5 kwa 5, hapo umefanya kazi kuliko babu yako.

Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu ni mlimau, likate lingali changa. Utalijua kwa jani pana. Jani la ndimu ni dogo, kikonyo chake kina vijibawa vyembamba. Ukiliacha litakunyang'anya mti, ubaki na malimau makali ambayo hakuna atakayeyanunua. Kiwavi akiwa mdogo utamwona kama kinyesi cha ndege, akikua anakuwa wa kijani, ukimgusa anachomoza pembe nyekundu zenye harufu. Mtoe kwa mkono, usikimbilie dawa. Na maji moto, wale sisimizi wa mitini, wakijenga viota kwenye matawi usiwachome, wanakula wadudu wengi. Siku ya kuchuma watakuuma, vumilia.

Najua utakachobisha ni maua. Mche wa mwaka wa kwanza ukichanua, yapukutishe yote. Utaona uchungu, utaniambia mama hataki nipate hela. Ndimu tatu za mwaka huu zitakula nguvu za matawi ya mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu ndio wa kuanza kuhesabu sado. Jirani yangu wa upande wa barabarani alikataa kusikia, na mindimu yake mpaka leo imedumaa, ina urefu wa mbuzi.

Lakini maua yanasubiri. Shina halisubiri. Ukiwa na nafasi ya jambo moja tu, fukua.

Mndimu wetu wa uani uliokufa unaukumbuka, sina haja ya kusimulia, wala fimbo uliyokula kwa ajili ya maji ya sabuni. Maji ya sabuni hayana nguvu hiyo. Mwaka ule kifusi cha banda la kuku kilirundikwa shinani kikakaa masika nzima, na wewe hukuwa na kimo cha kubeba kifusi. Basi.

Jiko linavuja pale pale. Fundi amekuja, ameangalia, amekunywa chai, ameondoka. Mdogo wako anataka viatu vya shule, vya kwanza amevichana mpirani. Mbuzi wa kahawia amezaa mapacha. Beseni langu la bluu uliondoka nalo Krismasi, nalihitaji.

Barua hii naituma na kondakta wa basi la asubuhi pamoja na chupa ya achari. Usiifungue garini, mafuta yatakuchafua. Chupa unirudishie, si kama ile nyingine.

Jumamosi usiku nitaazima simu ya mdogo wako. Nitumie picha moja. Majani sitaki kuyaona. Chuchumaa, piga shina kwa karibu, nione kovu.

Mama yako